Kaseti ya Mwalimu Inaita

Mwalimu alifundisha Kiingereza hapa Kitengela mpaka akastaafu, na kwa miaka yote niliyoishi karibu naye hakuna mtu aliyemsikia akisema neno "lesson". Sitii chumvi. Msichana wangu Njeri alifundishwa naye tangu kidato cha kwanza, na ndiye aliyeniletea hiyo habari nyumbani akicheka. Walimu wengine wakiingia darasani husema "today's lesson". Yeye alisema "kipindi cha leo", kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza kilichonyooka kama rula. Wanafunzi walimtega kwa maswali ili limtoke, lakini wapi. Alilizunguka lile neno kama unavyozunguka matope mlangoni, kisha akaendelea na kazi. Walidhani ni maringo.

Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, kwenye ploti moja upande wa Noonkopir. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa mlangoni, na mlango wangu ulikuwa kando ya wake. Fundi wa nguo haambiwi siri, lakini akiinua kichwa kutoka kwa pindo anaona nani ameingia kwa nani na ametoka na uso gani. Kwa hivyo ninachosema hapa nilikiona, na kile ambacho sikukiona nilikisikia, na hicho cha kusikia ndicho kinanitesa mpaka leo.

Mwalimu alikuwa mtu wa Kajiado, mrefu, suruali imepigwa pasi hata siku ya kufua. Alikunywa chai ya rangi bila sukari, na wewe ukimtembelea anakusukumia bakuli la sukari mpaka uchoke. Alinisahihisha Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili kama ilivyo yangu. "Mama Njeri, si 'niko na shida'. Ni 'nina shida'." Nikamwambia, "Mwalimu, shida yenyewe haijali unaiita vipi." Alicheka kwa mabega, bila sauti. Kila kitu chake alikifanya polepole na kukimaliza. Akisema neno, alilimaliza pia, mpaka herufi ya mwisho. Watoto wa ploti walimwiga, na akiwasikia anawarekebisha hata hiyo kuiga.

Sasa angalia mambo ya mtu huyo. Mtu wa maneno safi hivyo, muziki alioupenda ulikuwa mmoja tu, na ndani ya huo muziki hakuna neno hata moja linaloshikika.

Ilikuwa kaseti. Aliachiwa na kijana Mwamerika wa kujitolea, aliyefundisha naye shule moja huko Kajiado siku za ujana wao. Waimbaji walikuwa vijana wanne, wanafunzi wa chuo kikuu kule Amerika, na hiyo ndiyo ilikuwa albamu yao ya kwanza. Yule Mwamerika alisema ilipotoka, vijana wa vyuo vyote vya kwao waliacha kupiga kelele na magitaa, wakaanza kupiga namna hiyo. Picha ya juu ya kasha ilikuwa nyumba ya mbao isiyo na mlango, nyasi zimefika dirishani. Sikuipenda hiyo picha. Ukiitazama sana unaona kama kuna mtu ndani anakutazama na wewe.

Gitaa lao halikuchapwa nyuzi zote pamoja. Lilidonoa uzi mmoja mmoja, kama kuku kwenye mtama. Na mwimbaji alimung'unya maneno, kama mtu anayeongea usingizini, halafu ghafla neno moja linakuja karibu kabisa, unakaribia kulishika, linarudi chini. Mwalimu aliitumia kwa imla. Aliicheza darasani, akasema, "Andikeni mnachosikia." Darasa zima liliandika kila mtu lake. Wakamuuliza jibu sahihi ni lipi, akasema hata yeye hajui, na kwenye karatasi ya kaseti maneno hayakuchapishwa. Mwalimu mkuu alimwita ofisini kuhusu hilo. Alirudi, akacheza tena.

Jumamosi alifundisha vijana wa kwaya gitaa, na alifundisha kile alichokijua, yaani hiyo kaseti. Ndiyo maana ukiingia makanisa mengi ya hapa Jumapili, hata kule Isinya, unasikia gitaa likidonoa uzi mmoja mmoja chini ya pambio. Mchungaji mmoja aliniambia huo ni mtindo wetu wa asili. Nikamalizia kanzu yake.

Sisi wa ploti tuliisikia kupitia ukutani kila jioni akisahihisha vitabu. Baba aliyeleta maji kwa mkokoteni, Mkamba, aliapa kwamba yule mzungu anasema "kĩw'ũ", maji. Tulimcheka, tukamwambia hiyo ni biashara imemwingia masikioni. Mimi nilisikia Kikuyu. Nilisikia "ũka". Njoo. Wimbo wa tatu, katikati, ambapo ngoma inanyamaza kidogo: ũka, ũka. Nilimwambia Mwalimu, akasema, "Akili ni nywele, Mama Njeri. Kila mtu ana zake." Lakini hakucheka kwa mabega siku hiyo.

Kuna alasiri moja stima ilipotea Kitengela nzima. Upepo ulikuwa ule wa vumbi la saruji unaoingia mpaka kwenye meno. Mwalimu alikuwa shuleni, mlango wake una kufuli, naona kwa macho yangu. Nikasikia wimbo wa tatu ukutani. Ũka. Nilisimamisha cherehani kwa mkono. Ũka. Aliporudi nilimwambia, nikitarajia aseme radio yake ya kaseti iko na betri. Alifungua radio mbele yangu, akageuza, akanionyesha mahali pa betri. Palikuwa patupu. Alitoa kaseti, akaitia kwenye mfuko wa koti, na kwa muda mrefu alikuwa akienda nayo kazini.

Mtu huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa. Alihubiri juu ya ushirikina kwa sauti ya chini, bila kurukaruka, na alisema mambo ya kale yanafaa kukumbukwa lakini hayafai kuogopwa. Nilimwamini. Nilimwamini mpaka mama yake alipokuja kukaa.

Yule mama tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaa. Aliletwa Kitengela kwa ajili ya macho, yafanyiwe upasuaji. Asubuhi nilimsalimu "Takwenya, Koko," akajibu "Iko," basi hapo Kimaa changu kimekwisha, na Kiswahili chake hakikuwa kirefu kuliko Kimaa changu. Tulielewana vizuri. Alikaa kwenye kiti karibu na cherehani yangu, kitambaa kwenye macho, akipapasa vipande vya nguo na kuniambia kipi ni kizuri.

Jioni ya kwanza Mwalimu alisahau, au alichoka, sijui. Aliweka kaseti. Wimbo wa tatu ulipofika mahali pale, Koko alisimama na kitambaa chake machoni, akageuka kuelekea mlango wa mwanawe.

"Nani anamwita Leshan?" akauliza.

Leshan alikuwa kitinda mimba wake, mdogo wake Mwalimu. Mimi sikuwahi kumwona, maana nilihamia ploti hiyo yeye ameshaondoka, na Mwalimu hakuwahi kunitajia kwamba alikuwa na ndugu. Ni Koko aliyenieleza, siku baada ya siku, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Leshan aliishi na Mwalimu chumba kile kile. Alipata kazi Namanga, kwa watu wanaopitisha mizigo mpakani. Akatoka asubuhi moja kwenda kazini, na kule hakufika. Polisi waliambiwa, madereva wa malori waliulizwa, upande huu na ule wa Tanzania. Hakuna aliyemwona. Hakuna mwili, hakuna kiatu.

"Alizaliwa mvua ikinyesha," Koko aliniambia. "Hilo jina iko na mvua ndani yake."

Kisha akanieleza jambo ambalo kwao ni la kawaida na kwangu lilikuwa geni. Mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Linaachwa lilale. Na zamani, hata neno lingine likifanana na jina hilo, watu wa boma lile waliliacha, wakatafuta neno lingine la kitu hicho. "Lakini Leshan hakuna mtu ameona amekufa," akasema. "Kwa hivyo mimi naita. Kila jioni mbuzi ikirudi, naenda kwa geti, naita. Mtu ya kuitwa si maiti." Alikuwa amefanya hivyo nyumbani kwake tangu mwanawe apotee. Hata pale ploti, jua likishuka, aliongozwa mpaka geti la chuma akaita, na watu wa chipsi upande wa pili walidhani anaita mbuzi.

Nilikuwa nikishona vifungo aliponiuliza, hivi huyu mwanangu huko shuleni anasema nini akiingia kwa darasa? Nikamwambia, nikicheka, kwamba Mwalimu ana kasoro moja, hasemi "lesson". Nilitamka vile watu wa huku tunavyotamka, haraka haraka. Nikajisikia mwenyewe. Lilitoka karibu sawa na Leshan. Koko hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji, lakini hilo neno alilisikia jinsi lilivyo. Akaniomba nimpeleke kwa mwanawe.

Alimkuta akisahihisha vitabu. Alimwambia kwa Kimaa, na baadaye akarudia kwa Kiswahili, nadhani alitaka mtu wa nje asikie. "Wewe umemzika ndugu yako. Umemzika kwa mdomo, na mimi mama sijui."

Mwalimu, mzee wa kanisa, aliweka kalamu chini. "Yeyo," akasema, yaani mama, "huu ni mwaka wa ngapi? Mtu mzima hapotei hivi hivi. Niache nimheshimu."

"Muite mara moja. Na mimi nikufe nikijua kuna mtu atamuita."

"Siwezi."

"Hii kaseti ya mzungu inamuita. Wewe damu yake huwezi?"

Akaokota kalamu yake. Kusema kweli nilimkasirikia. Nilifikiri, mwanamume mzima, jina moja tu, silabi mbili, lingemtoa nini? Mama yake hakutaka pesa wala ng'ombe. Alitaka mtu wa kusimama kwa geti baada yake. Kila jioni alimwomba, na kila jioni Mwalimu alimshika mkono kwa upole, akamfikisha getini, akasimama kando yake na mdomo umefungwa. Macho ya Koko yalipona, akarudi Kajiado. Haukupita muda mrefu akafa. Siku ya mazishi, jua likishuka, mbuzi walirudi, na watu wote wa boma walitazama geti. Mwalimu pia alilitazama. Hakuna aliyeita. Nililia siku hiyo kuliko nilivyomlilia mama yangu, na sioni haya kusema.

Baada ya hapo alistaafu, akahamia kule kwao, nyumba ya mama yake. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, akakaa kwenye kiti cha Koko, na hapo ndipo aliponiambia. Sikumuuliza.

"Wewe unadhani mimi ni mkaidi," alisema. "Yule mdogo wangu ndiye aliyelisikia jina kwanza. Jioni ya kabla hajaondoka. Tulikuwa tunakula. Wimbo wa tatu ukafika pale, yeye akacheka. Akasema, 'Ndugu yangu, huyu mzungu ananiita.' Halafu akaitika. Kwa mzaha, Mama Njeri. Akajibu, 'Nakuja.'"

Nyanya yangu alitukataza tukiwa wadogo: ukisikia jina lako linaitwa na mtu usiyemwona, usiitike, hata kama ni sauti ya mama yako. Nilitaka kumwambia Mwalimu, nikaona ni kumwongezea. Nikamuuliza tu, basi kwa nini hukuitupa hiyo kaseti?

"Ndani yake ndiko alikoitikia," akasema. "Nikiitupa, nitamtafuta wapi?" Akainuka, akapiga vumbi suruali yake, akanisahihisha jambo fulani nililokuwa nimesema, akaenda zake.

Njeri sasa yuko chuo kikuu, na anaijua hiyo albamu kuliko mimi. Aliipata kwa simu. "Mum, hii kitu ni famous dunia nzima," aliniambia. "Watu bado wanabishana huyo jamaa anasema nini." Tulikaa jikoni tukaicheza, safi, bila kukwaruza. Wimbo wa tatu ulipofika mahali ambapo ngoma inanyamaza, ngoma haikunyamaza. Wimbo ulipita moja kwa moja. Tulirudisha, tukasikiliza tena. Kwa simu, mahali pale hapapo.

Mwaka huu baada ya mvua nilipeleka sare za kwaya Kajiado, nikaona si adabu kufika huko bila kumwona Mwalimu. Pikipiki iliniacha ukitoka lami ya Namanga, nikatembea mpaka boma. Nyasi zilikuwa zimepanda, zimefika kwenye madirisha. Alitoka mlangoni na ile ile suruali ya pasi. Amekonda. Nilisalimu mara mbili kabla hajageuza sikio.

"Masikio yameniacha," alisema kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wasiosikia. "Sauti za juu zimeisha, za chini zinaisha. Kaa. Weka sukari."

Aliuliza habari za Njeri, nikampigia kelele majibu, na alinisahihisha hata katika hizo kelele. Nilifurahi kumwona. Kisha akaleta radio, akaiweka juu ya meza, akatoa kaseti mfukoni mwa koti.

"Nimekungoja wewe," akasema. "Nani mwingine nitamwambia? Watu wa kanisa? Mama yangu kila usiku ananijia, ananiuliza kama ndugu yangu bado anaitwa. Nami sisikii tena. Nikisikiliza ni upepo tu. Nisikilizie, Mama Njeri. Kama jina bado limo, basi mama alikuwa na haki, na nitafanya alichoniomba. Kama halimo, nitajua amelala, na mimi nitalala."

Akabonyeza. Kaseti ilikuwa imechoka, sauti inavutika. Wimbo wa kwanza, wa pili. Yeye alinitazama mdomo na macho, kama anavyomtazama mwanafunzi anayeandika imla. Wimbo wa tatu ulianza. Gitaa lilidonoa, ngoma ikanyamaza, na yule kijana mwimbaji akasogea karibu.

Hakusema ũka. Hakusema Leshan. Alilisema jina la Mwalimu, lile la nyumbani, ambalo nilikuwa nimelisikia kwa Koko peke yake. Na safari hii hakumung'unya. Alilitamka mpaka herufi ya mwisho.

Nilimtazama yule mzee aliyeinama juu ya radio, sikio limekaribia kugusa, haliokoti kitu. Nikamshukuru Mungu kwa hayo masikio, maana asiyesikia haitiki.

"Limo?" akauliza.

"Limo."

"La nani? Sema."

"Leshan," nikamwambia. "Anamwita Leshan."

Alifunga macho. Alikaa hivyo, nikaona kifua chake kikipanda na kushuka. Kisha akainuka bila fimbo, akatoka. Mbuzi walikuwa wanarudi. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisimama kwenye geti la miba, mahali pa mama yake, akashika nguzo, akaita.

"Leshan!"

Alilitamka vizuri sana. Likaenda bondeni. Mbuzi walisimama kidogo, wakaendelea. Alisubiri, akaita tena, na sauti ilimkatika katikati. Kisha akageuka kwangu, uso umelowa, mkono nyuma ya sikio.

"Mama Njeri, mimi sisikii. Ameitika?"

Nyuma yangu, mezani, wimbo ulipaswa kuwa umeshapita. Haukuwa umepita. Ngoma ilikuwa bado imenyamaza, na yule kijana alikuwa akirudia jina la Mwalimu, polepole, kama mtu mwenye subira anayejua kwamba kuna mtu nyumbani.

"Bado," nikamwambia kwa nguvu zangu zote. "Ita tena, Mwalimu. Usinyamaze. Ita."